Fasihi ya Safari Yahitaji Baiskeli: Maoni kutoka Mashamba ya Nyeri

Katika mijadala yetu ya darasani kuna kauli ambayo imerudiwa mara nyingi hata ikawa kama kanuni. Kauli yenyewe ni kwamba Kiswahili cha bara ni lugha ya mji, ya soko na ya ofisi ya chifu. Kwamba mtu akiiacha barabara kuu ya lami na kuingia mashambani, hasa katika maeneo ya Mlima Kenya, Kiswahili hubaki nyuma kikimsubiri njia panda. Wanaoishikilia kauli hii hutoa pia hitimisho la pili: kwamba mwandishi wa Kiswahili hana la kuandika kuhusu shamba la kahawa la Nyeri, maadamu shamba hilo lina lugha yake ya mama.

Makala haya yanapinga mahitimisho hayo yote mawili. Maoni yangu ni kwamba kinachokosekana mashambani si Kiswahili, bali ni mwanafunzi wa Kiswahili. Sisi hupita huko ndani ya matatu, madirisha yamefungwa na muziki umefunguliwa, kisha tukifika chuoni twaandika kwamba hatukusikia kitu. Ningependa kupendekeza mwendo mwingine, nao ni ule wa baiskeli. Nitatumia safari ya siku moja niliyoifanya kutoka Ruring'u kuwa ushahidi wangu.

Safari katika fasihi yetu

Hebu kwanza tukumbuke kwamba nathari ya Kiswahili ilijifunza kutembea mapema. Mwaka 1901, Carl Velten alichapisha nchini Ujerumani mkusanyiko wa masimulizi uitwao Safari za Wasuaheli. Humo tunakutana na Selemani bin Mwenye Chande akisimulia safari yake ya bara la Afrika, na Selim bin Abakari akisimulia jinsi alivyofika Urusi na Siberia. Ni kweli kwamba masimulizi hayo yalikusanywa chini ya kivuli cha ukoloni na kwa haja za wakoloni, na mhakiki makini hana budi kuyasoma kwa tahadhari. Hata hivyo, wasimulizi wale walikuwa na sifa moja ambayo sisi tumeipoteza. Walikwenda polepole, wakaona chakula, bei, desturi na maneno ya watu, wakayaandika kwa Kiswahili bila kuuliza kama Kiswahili kina haki ya kuwa mahali pale. Miongo mitatu baadaye, Martin Kayamba wa Tanganyika alisafiri hadi Uingereza mwaka 1931, naye akaandika kitabu kwa Kiswahili kuhusu aliyoyaona. Ikiwa Kiswahili kiliweza kuisimulia Siberia yenye theluji na London yenye ukungu, kitashindwaje kuisimulia Othaya?

Baada ya uhuru, riwaya, tamthilia na ushairi vilichukua nafasi karibu yote katika silabasi zetu, na simulizi ya safari ikaachwa kando kama mtoto wa kambo. Eneo la Mlima Kenya nalo liliingia katika fasihi ya Kiswahili, lakini aghalabu liliingia kwa mlango wa vita. P. M. Kareithi alituandikia Kaburi bila Msalaba mwaka 1969, na tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi ikatufikia kwa tafsiri ya Raphael Kahaso kwa jina la Mzalendo Kimathi. Hizi ni kazi muhimu na sisemi tuziache. Ruring'u yenyewe ina nafasi yake katika historia hiyo, kwani ni katika uwanja wake ambapo wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikusanyika baada ya uhuru wa Desemba 1963. Lakini msomaji anayeijua Nyeri kupitia Kiswahili pekee ataijua kama msitu na bunduki. Hataijua kama shamba. Hataujua mkono unaochuma kahawa wala mzani unaoipima, ingawa ardhi ile ndiyo iliyopiganiwa.

Kutoka Ruring'u hadi Othaya

Safari ninayoizungumzia niliifanya Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, wakati wa mavuno makuu ya kahawa. Nilitoka Ruring'u alfajiri, nikaelekea Othaya, nikapitia Mukurwe-ini, kisha nikarejea jioni. Kwa jumla ni mwendo wa zaidi ya kilomita 50, nao si mwendo wa tambarare hata kidogo. Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi na nzito ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Haina gia. Mteremko ukija, mpanda baiskeli huomba Mungu na breki. Mlima ukija, hushuka na kusukuma kwa miguu kama anayepeleka ng'ombe sokoni.

Kusukuma huko ndiko kulikonifunza zaidi. Mtu aliyeketi katika gari ni mpita njia, na mtu anayesukuma baiskeli mlimani huku akitokwa na jasho ni mtu wa kuulizwa habari. Kati ya mto Gura na Othaya niliamkiwa mara nyingi kuliko ninavyoamkiwa chuoni kwa wiki nzima. Wengine waliniamkia kwa Kigikuyu, wengine kwa Kiswahili, na wengi kwa zote mbili katika sentensi moja.

Nchi yenyewe imepangwa kwa migongo na mito: mgongo mmoja, bonde, mto, kisha mgongo mwingine, hadi miguu ikome kuhesabu. Hapa nimesema 'mgongo' kwa makusudi. Kigikuyu huita ukingo kama huo rũgongo, na mgongo wa mtu huuita mũgongo. Kulima ni kũrĩma, mbegu ni mbeũ, mvua ni mbura, njia ni njĩra, mti ni mũtĩ. Mwanafunzi wa isimu atasema kwamba haya tuliyajua tangu mwaka wa kwanza, katika somo la lugha za Kibantu. Naam, tuliyajua kama majedwali. Mashambani maneno haya hayakai katika jedwali. Yamo katika kinywa cha mzee anayeanza sentensi kwa lugha moja na kuimaliza kwa nyingine bila kujikwaa, kwa sababu kwake hizi si nchi mbili zenye mpaka. Anayedai kwamba Kiswahili ni mgeni kabisa katika shamba la Nyeri asikilize kwanza jinsi shamba lenyewe linavyotajwa.

Mpanda baiskeli huona pia jambo la pili, yaani umbo la mashamba. Kutoka juu ya mgongo mashamba huteremka yakiwa membamba na marefu, kila moja likianzia karibu na barabara na kuishia kijitoni. Nyumba na zizi la ng'ombe viko juu, kahawa iko katikati ya mteremko, na chini penye unyevu kuna migomba na nduma. Mpangilio huu haukuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, watu zaidi ya milioni moja wa maeneo ya Kati walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa, na vipande vya ardhi vilivyokuwa vimetawanyika vikaunganishwa na kupimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulihimiza hatimiliki za mtu binafsi na kupanua kilimo cha kahawa miongoni mwa Waafrika, kilimo ambacho hapo awali kilikuwa kimebanwa kwa manufaa ya walowezi. Baadhi ya watu walirudi na kupata shamba; wengine, hasa waliokuwa msituni au kizuizini, walirudi na kukuta mipaka imekwisha kuchorwa. Kwa hiyo ule ukanda wa kijani unaoteremka hadi mtoni ni matini. Tunafundishwa kusoma kimya cha mhusika katika riwaya. Je, ni nani anayetufundisha kusoma ua wa shamba?

Mbuni ni nini?

Baada ya Othaya nilipita mahali ambapo wakulima walikuwa wakipeleka kahawa kupimwa. Wanachama walikuwa wamemwaga kahawa juu ya magunia yaliyotandikwa chini, wakichambua nyekundu kutoka kwa mbichi na iliyokauka. Nilimwamkia mama mmoja mzee, 'Shikamoo, cucu.' Alicheka kusikia maamkizi ya pwani yakiishia Nyeri, akaitikia, kisha akaniuliza:

'Kijana, umetoka wapi na hiyo baiskeli? Siku hizi si watu wako na pikipiki?'

'Natoka Ruring'u, cucu. Nazunguka tu nikitazama mashamba.'

'Kutazama hakuchambui kahawa. Kuja ushike hili gunia.'

Nilishika gunia, na kwa muda wa karibu saa nzima nikachambua pamoja naye. Aliniongoza kwa maneno machache: hii ni nzuri, hii bado, hii ni ya mbuni. Hapo nilisimama, kwa maana nilidhani nalijua neno mbuni. Kamusi zetu husema kwamba mbuni ni mti unaozaa buni, na kwamba buni ni tunda au punje ya kahawa. Mbuni vilevile ni ndege mkubwa asiyeruka, na pia ni mtu anayebuni. Lakini kwa cucu, na kwa wakulima wote waliokuwa pale, mbuni si mti. Mbuni ni kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kumenywa wala kuoshwa, ile ambayo huingia katika daraja la chini na kulipwa bei ya chini. Maana hii si kosa la mama mmoja wa Othaya. Ndiyo maana inayotumika katika biashara ya kahawa ya Kenya nzima, kuanzia kiwandani hadi mnadani.

Tazama basi jambo hili lilivyo. Neno la Kiswahili limesafiri hadi bara, likaingia kiwandani, likapata maana mahususi ya kitaalamu na ya kifedha, likatumika kwa miaka mingi, na bado mwanafunzi akiliandika kwa maana hiyo katika insha huenda akachorewa mstari mwekundu. Wakati huohuo tunakesha katika makongamano tukibuni istilahi ambazo hakuna mkulima atakayezitamka.

La kusikitisha zaidi lilikuja kahawa ilipopimwa. Cucu alipewa karatasi yenye uzito wa mavuno yake, akanipa mimi niisome. 'Hapa wameandika kilo ngapi?' akauliza. Karatasi yote ilikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa neno moja, nalo ni mbuni. Nilimsomea. Akarudia tarakimu zile kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kigikuyu, akaikunja karatasi na kuifunga katika pindo la leso. Malipo ya kahawa huja baada ya miezi kadhaa, na karatasi ile ndiyo shahidi pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Huadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai kwa hotuba, mashairi na keki. Sipingi keki. Lakini nauliza: urasmi wa lugha hupimwa wapi, jukwaani au mizanini? Ikiwa mkulima anaweza kuhesabu kwa Kiswahili, na karani anaweza kumjibu kwa Kiswahili, na neno la daraja lenyewe ni la Kiswahili, ni nini kinachozuia karatasi ile kuandikwa kwa Kiswahili? Nadhani jibu moja ni kwamba sisi, tunaosomea lugha hii, hatujawahi kuiona karatasi hiyo. Haiwezekani kudai jambo ambalo hujui kuwa halipo.

Karibu na Mukurwe-ini gurudumu langu la nyuma lilipata pancha, na fundi wa kando ya barabara akanihudumia kwa somo jingine la istilahi. Aliitoa tyubu, akaitia pumzi na kuizamisha ndani ya karai la maji mpaka mapovu yakaonyesha tundu. Akaikwaruza kwa msasa, akapaka gundi, akabandika kiraka. Alipoona gurudumu linayumba, akakaza spoki na kuniambia gololi zimekwisha. Kazi ile yote, mwanzo hadi mwisho, ilifanywa na kuelezwa kwa Kiswahili, na fundi huyo ni mzaliwa wa pale pale. Basi hata ile hoja kwamba lugha yetu ni ya mjini tu ilizamishwa karaini pamoja na tyubu yangu, na mapovu yakaonekana.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili nilichokisikia si sanifu, na kwamba kazi ya chama chetu ni kulinda usanifu. Nami nakubali kwamba usanifu una kazi yake. Bila huo tusingeweza kusomana kutoka Nyeri hadi Zanzibar. Lakini kukusanya si kubomoa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981 haikuundwa kwa kuwafungia watu midomo, bali kwa kuandika walivyosema na kisha kuchagua. Mchaguzi asiye na cha kuchagua hana kazi. Anayeona 'Kuja ushike' kuwa kosa na aandike kwamba ni kosa, lakini kwanza akubali kwamba limesemwa, na aliyelisema ana shughuli ya kufanya.

Wengine watasema kwamba mwanafunzi anayepita kwa baiskeli ni mtalii tu, na kwamba atayapamba mashamba kwa maneno mazuri huku jasho likiwa la wengine. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Maisha ya mkulima wa kahawa si mandhari ya picha. Mkataba wa kimataifa uliosimamia mauzo ya kahawa kwa viwango ulipovunjika mwaka 1989, bei zilianguka, na katika miaka iliyofuata wapo wakulima waliong'oa mibuni yao au kuiacha ikamezwa na magugu. Mwandishi akiyaona majani mabichi tu bila kuiona historia hiyo, ameandika kadi ya posta. Hata hivyo dawa ya utalii si kukaa maktabani. Dawa yake ni kushika gunia, kuuliza bei, kusoma karatasi, na kurudi tena msimu ujao ili aliyekupa habari akuone na akusahihishe.

Na wapo watakaocheka baiskeli yenyewe, wakidai ni chombo cha jana au cha maskini. Hao nawakumbusha kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya Tour de France mara nne, alifunzwa katika ujana wake na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu. Na kwamba mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara hili. Lakini hata bila sifa hizo, baiskeli ingetosha. Kwa miguu mtafiti hawezi kuvuka migongo mingi kwa siku moja. Kwa gari huivuka yote bila kuamkiwa. Baiskeli humfikisha mbali, na bado humruhusu kusimama anapoitwa.

Mapendekezo

Natoa mapendekezo matatu, nayo hayahitaji ruzuku kubwa. Kwanza, chama chetu kiandae safari moja ya baiskeli kila mwaka katika eneo la kilimo: kahawa Nyeri, majani chai Kericho, mpunga Mwea, miwa Mumias, minazi Kilifi. Asiye na baiskeli ataazima. Anayeshindwa kupanda atasubiri mbele kwa matatu, mradi ashuke na kutembea akifika. Kila msafiri aandike simulizi ya safari yake kwa Kiswahili, na jarida hili lichapishe zilizo bora.

Pili, tuanzishe daftari la maneno ya kazi. Katika siku moja, na bila kuwa na maandalizi yoyote, nilirudi na maneno kadhaa ya kuchuma, kuchambua, kumenya, kuosha na kuanika kahawa, yakiwemo ambayo kamusi zinayaeleza kwa namna tofauti. Vichanja vya kuanikia, kwa mfano, mfanyakazi mmoja aliviita meza, na mwenzake akaniuliza kichanja ni nini. Wanafunzi 20 wakifanya hivyo kwa miaka mitano tutakuwa na kitu cha kuwapelekea wanakamusi.

Tatu, wahadhiri wetu waipe simulizi ya safari nafasi katika kozi za nathari, kuanzia masimulizi ya Velten hadi yale yatakayoandikwa na wanafunzi wenyewe. Nyeri ina mfano mzuri wa uvumilivu katika jambo hili. Gakaara wa Wanjau aliandika na kuchapisha kwa Kigikuyu pale Karatina kwa miaka mingi, na mwaka 1984 akatunukiwa Tuzo ya Noma kwa kitabu chake cha kumbukumbu za kizuizini. Hakusubiri mji mkuu umthibitishie kwamba lugha ya watu wake inatosha kubeba maisha yao. Nasi tunaokaa juu ya lugha mbili, ya nyumbani na ya taifa, tuna sababu gani ya kusubiri?

Mavuno makuu ya kahawa huanza tena Oktoba. Uongozi wa chama ukikubali, njia ya Ruring'u, Othaya na Mukurwe-ini naijua, na nitaongoza msafara wa kwanza. Kila mmoja aje na pampu, viraka, daftari na kalamu mbili, kwa maana moja itaombwa na mtoto njiani. Nakala moja ya yatakayoandikwa ni ya jarida. Nyingine tutairudisha kule mizanini, tuisome kwa sauti mbele ya wenye maneno, nao watuambie tulipokosea.